Fundi Anajibu: Rola Kosta za Rekodi, na Nati Zetu za Sikukuu

Kila sikukuu ikiingia barua zangu huongezeka. Safari hii watoto wametoka viwanjani, wakachukua simu za baba zao na kukesha wakitazama rola kosta za Marekani na Arabuni, zile treni za kuchezea zinazopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli za juu, na sasa maswali yananijia kwa mafungu. Nimechagua haya. Yale ya namna moja nimeyaunganisha, na yaliyokwisha kujibiwa mwaka jana nimeyaacha.

Ipi kubwa kuliko zote duniani? Mwenzangu anasema Kingda Ka. (Wasomaji kumi na mmoja, kuanzia Jang'ombe mpaka Konde)

Kingda Ka haipo. Ilifunguliwa mwaka 2005 katika bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, Marekani. Kimo chake kilikuwa mita 139, na treni yake ilitoka kusimama mpaka kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde tatu na nusu. Mwishoni mwa 2024 wenyewe walitangaza kuwa wameifunga, na tarehe 28 Februari 2025 mnara wake ukaangushwa kwa baruti. Nimeshaandika haya, na bado naletewa video ile ile ya zamani. Tazameni tarehe kabla ya kubishana.

Halafu, kubwa kwa lipi? Ukisema jahazi kubwa, mtu wa pwani atakuuliza: refu, pana, au linachukua tani nyingi? Rola kosta nazo zina kimo, zina kasi, zina urefu wa njia, na zina idadi ya mara zinazompindua mtu kichwa chini. Kila moja ni rekodi yake. Kwa miaka mingi mataji hayo yalikuwa yamegawanyika: kimo kwa Kingda Ka, kasi kwa Formula Rossa ya Abu Dhabi, kilomita 240 kwa saa tangu 2010, njia ndefu kwa Steel Dragon 2000 ya Nagashima, Japani, mita 2,479, kupindua kwa The Smiler ya Alton Towers, Uingereza, mara 14 tangu 2013. Sasa matatu ya mwanzo yamekusanywa na chombo kimoja, Falcon's Flight, kilichojengwa Qiddiya nje ya Riyadh, kwenye ukingo wa majabali ya Tuwaiq: kimo mita 195 ukihesabu na mteremko wa majabali, kasi kilomita 250 kwa saa, njia mita 4,250. Kwa macho ya hapa kwetu, kimo hicho ni karibu minazi minane mirefu, mmoja juu ya mwengine. Na njia yake ukiinyoosha kutoka Darajani, utaipita Amani na bado utakuwa na chuma mkononi.

Shikamoo fundi. Treni ya rola kosta haina injini wala dereva. Inakwendaje? Na kwa nini haianguki ikiwa juu chini? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete)

Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, kwa hiyo nivumilie.

Umewahi kusukuma baiskeli kupanda mlima, ukafika juu huna pumzi, kisha ukapanda na kuteremka bila kukanyaga? Jasho lako la kupandia halikupotea. Lilikuwa limewekwa pale juu, na kwenye mteremko unalipwa kwa kasi. Rola kosta ya kawaida hufanya hivyo hivyo. Mnyororo huivuta treni mpaka kilele cha kwanza, kisha huiachia, na kuanzia hapo ni uzito wake tu. Kwa sababu hiyo kilele cha kwanza lazima kiwe cha juu kuliko vingine vyote: upepo na msuguano hula kidogo kidogo njiani, na treni haiwezi kurudisha ilichopoteza. Ile kah-kah-kah unayoisikia kwenye video wakati wa kupanda ni meno ya chuma chini ya behewa yakidondokea kwenye ngazi ya chuma, moja baada ya jingine, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma.

Hesabu yake unaiweza. Zidisha kimo mara mbili, zidisha na 9.8, tafuta kipeuo cha pili, upate mita kwa sekunde. Mita 10 zinakupa 14, ambazo ni kilomita 50 kwa saa. Mita 40 zinakupa 28, yaani kilomita 100. Umeona? Kutaka kasi maradufu kunadai kimo mara nne. Na hapo ndipo gharama ya chuma inapopaa, kwa sababu nguzo ndefu mara nne haitoshi kuwa na unene ule ule.

Kwa hiyo wanaotafuta rekodi waliacha kuvuta na kuanza kurusha. Mita 139 za Kingda Ka, kwa hesabu hiyo hiyo, zinadai karibu kilomita 188 kwa saa chini ili treni ifike juu. Wao walitoa 206, na ile ziada ilikuwa ya kulishwa upepo na msuguano. Siku upepo ulipokuwa mkali au magurudumu baridi, ziada haikutosha: treni ilipanda, ikasita karibu na kilele, ikarudi nyuma. Wajenzi walilijua hilo tangu mwanzo, wakaweka breki zinazoinuka kutoka njiani mara treni inapopita, ili ikirudi izikute.

Ama kuanguka: kila seti ya magurudumu ina makundi matatu. Moja hukaa juu ya reli na kubeba uzito. La pili hubana ubavuni. La tatu liko chini ya reli, linaishika kwa chini. Kunja kidole gumba na vidole viwili kuzunguka ukingo wa meza, kisha jaribu kuuvua mkono bila kuvifungua. Ndiyo hivyo.

Na breki. Hizi za kisasa hazigusi kitu. Ubao wa shaba hupita katikati ya sumaku kali, ndani ya shaba huzaliwa umeme unaozunguka, na umeme huo huzaa usumaku wa kupinga mwendo. Umeme wa shirika ukikatika, sumaku hazijui. Napenda fundi aliyefikiri hivyo. Kila ninapoona mashine ambayo breki yake inategemea jenereta, nauliza maswali.

Kwa nini walibomoa Kingda Ka, kitu kilichokuwa bado kinashangaza watu? (Kijana, Mkoani)

Nadhani ni kwa sababu mafundi wake walichoka. Mtambo uliokuwa ukiirusha ulikuwa wa mafuta: mafuta yaliyobanwa kwa shinikizo kubwa huachiwa ghafla, yanazungusha ngoma, ngoma inakunja nyaya, nyaya zinavuta kigari kinachoibeba treni. Kila mrusho mmoja ni pigo, na nyaya huchoka, sili huvuja, kiwanda cha kutengeneza spea si duka la Darajani. Tazama mwenzake, Top Thrill Dragster ya Cedar Point huko Ohio, ya mwaka 2003, mita 128, mtambo wa namna ile ile. Waliung'oa wote wakaweka sumaku za kusukuma, wakaifungua upya Mei 2024 kwa jina la Top Thrill 2, na haikumaliza hata wiki mbili ikafungwa tena kwa kasoro za mabehewa mpaka mwaka uliofuata.

Mimi siwalaumu kwa kufunga. Nawasifu. Chombo cha mamilioni ya dola kimesimama katikati ya msimu, watu wamenunua tiketi, na mtu akasema hapana. Huku kwetu kuna wanaoshindwa kusimamisha pembea ya shilingi elfu moja.

Mwanangu ana miaka saba, mwisho wa mwaka tunakwenda Abu Dhabi kwa mjomba wake. Amepungua sentimita tano tu kufikia kipimo. Nikimvalisha viatu vya soli nene watampitisha? (Mama wa watatu, Kwahani)

Dada yangu, barua za namna hii mwaka huu ni sita, na kila moja inaniumiza.

Kile kijiti cha kupimia hakikuwekwa kupima ujasiri wala umri. Kimewekwa kupima paja. Chuma kinachomshika mtu kitini hukaa juu ya mapaja, na kinatakiwa kibane hapo kwa sababu treni ikivuka kilele mwili hunyanyuka. Kwa sekunde moja au mbili mtu hana uzito, anaelea, na kinachomrudisha kitini ni kile chuma peke yake. Mtoto mfupi paja lake jembamba, goti halifiki ukingo wa kiti, miguu haina pa kukanyaga. Anapita chini ya chuma kama samaki mdogo anavyopita kwenye nyavu ya matundu makubwa. Soli nene haiongezi paja.

Baya zaidi ni kumkalisha pamoja na baba yake kwenye viti vinavyoshikwa na chuma kimoja. Chuma kitasimama kwenye paja la baba, na baina yake na paja la mtoto pataingia ngumi nzima. Sisi tumezoea kupakata: kwenye daladala tunapakata, kwenye vespa tunapakata, kwenye ngalawa tunapakata. Mkono wa mama una nguvu, lakini mtoto wa kilo 20 kwenye kona kali anaweza kuwa na uzito wa kilo 80, na hapo hapo akabadilika akawa hana uzito kabisa. Hakuna mkono unaofuata mabadiliko hayo.

Zile kubwa nyingi huanzia baina ya sentimita 120 na 140. Mpime nyumbani, bila viatu, kisigino ukutani. Akipungua, mwambie ukweli kabla hamjaondoka, asiende kulia mbele ya geti. Na kuna ndogo nyingi atakazopanda akafurahi.

Nina presha, natumia dawa. Nipande? (Msomaji, Makunduchi)

Usipande. Na wenye mimba, na waliopasuliwa mgongo, msiniandikie tena swali hili.

Ni haramu au halali? (Watatu)

Mwulizeni sheikh wa msikiti wenu. Mimi ni fundi.

Kwa nini ule mduara wa kupindua watu si duara kamili? Nimeuangalia, umefanana na tone la maji. (Mwalimu wa skuli, Chake Chake)

Una jicho, mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1800, Coney Island kule New York, walijenga duara kamili, na abiria walitoka wameumia shingo. Kosa liko mlangoni: treni inaingia chini ikiwa na kasi yake kubwa kabisa na ghafla inalazimishwa kukunja. Ukitaka duara kamili lipitike bila mtu kudondoka kileleni, basi chini pale abiria hubanwa kwa mara sita ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 anageuka kilo 360, na shingo ni ile ile.

Dawa ilikuwa kuanza kukunja kidogo kidogo. Chini, ambako kasi ni kubwa, mkunjo uwe mpana. Juu, ambako treni imepoa, uwe mwembamba. Tone la maji. Wajerumani wawili, Anton Schwarzkopf mjenzi na Werner Stengel mhandisi, waliliweka hilo kwenye chuma huko California mwaka 1976, katika Revolution ya Magic Mountain. Chuma ndicho kilichowezesha. Bomba la chuma, ambalo Matterhorn ya Disneyland ilikuwa ya kwanza kulitumia kwa reli mwaka 1959, linaweza kukunjwa kiwandani kwa vipimo vya milimita. Mbao haikukubali umbo hilo.

Nimesikia watu wamekufa na kukatika miguu. Kweli, au ni maneno ya kutisha? (Baba, Bububu)

Kwa hesabu ya watu wanaopanda kila mwaka, madhara ni machache sana. Lakini hayo machache nimeyasoma moja moja, kwa sababu ndiyo skuli yangu, na nitakupa manne.

Juni 2015, The Smiler. Gari tupu la majaribio lilikwama njiani. Kompyuta ikaona njia haiko wazi, ikaizuia treni iliyokuwa nyuma yenye watu 16. Mafundi walitazama, hawakuliona gari lililokwama, wakadhani kompyuta imekosea, wakapuuza zuio lake. Treni ikaachiwa ikaligonga. Wasichana wawili walipoteza mguu mmoja kila mmoja. Kampuni ikatozwa faini ya pauni milioni 5.

Mwaka 2003, Steel Dragon 2000: gurudumu liling'oka likaangukia bustani ya maji iliyo chini, likamvunja mtu aliyekuwa akiogelea. Hakuwa hata na tiketi ya rola kosta. Ilifungwa mpaka 2006.

Agosti 2021, Top Thrill Dragster: kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni kikampiga kichwani mwanamke aliyesimama kwenye foleni. Haikurudi tena kwa umbo lile.

Na la nne halina damu, lakini ndilo ninalolikumbuka kila siku. Fury 325 ya Carowinds, huko Carolina, mita 99, chombo cha mwaka 2015, si kizee. Juni 2023 mgeni mmoja aliyekuwa amesimama nje aliinua macho, akaona nguzo ina ufa mzima karibu na reli, na kila treni ikipita, chuma kinaachana na kurudiana. Akapiga video. Wakafunga siku hiyo hiyo. Mtu wa kawaida, bila cheti, bila spana, ndiye aliyeona.

Haya yote manne hayatoki kwenye kimo wala kasi. Yametoka kwenye gurudumu, kipande, ufa, na mtu aliyeamua kutokuiamini ishara ya hatari. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufundishwa hili na Wamarekani. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba, imechukua watu kuliko uwezo wake, na mpaka leo kuna nyumba ambazo kila Septemba husoma hitima. Chombo ni chombo, cha baharini au cha kiwanjani.

Zanzibar iliwahi kuwa na reli? Babu yangu anasema hivyo, wajukuu tunabisha. (Msomaji, Mtoni)

Mwombeni radhi babu yenu. Kampuni ya Kimarekani ilijenga reli kutoka mjini karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, kama kilomita 11, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ilipita katikati ya vichochoro karibu kugusa milango ya watu, na ikafungwa katika miaka ya 1920.

Nataka kununua rola kosta ndogo iliyotumika kutoka nje, niiweke ufukweni watalii waione. Nianzie wapi? (Mfanyabiashara, jina ninalo)

Anzia kwa kuiondoa ufukweni.

Ndugu yangu, najua unataka kusikia bei na usafiri. Mimi nitakueleza kutu. Nimefanya kazi na injini za boti na majenereta kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijaona adui mwengine. Kusi linapovuma, ile rasharasha ya chumvi haionekani, lakini pitisha ulimi kwenye chuma cha dirisha lolote la Forodhani utaionja. Bomba la reli lina uwazi ndani. Unalipaka rangi nje kila mwaka linang'aa, na ndani linaliwa kuanzia kwenye tundu dogo la mchomeleo ambalo hukuliona. Nguzo huoza pale inapoingia kwenye zege, kwa sababu maji hutuama hapo, na hapo ndipo inapobeba mzigo mkubwa kuliko popote. Mchanga huingia kwenye grisi na kuigeuza msasa. Bearingi iliyotakiwa kudumu miaka mitano inakwisha kwa miezi minane. Joto la mchana, umande wa alfajiri, masika yote: kila siku chuma kinatanuka na kusinyaa, na nati zinajilegeza zenyewe.

Wenzetu wenye vyombo vya rekodi hutuma watu kila asubuhi kabla ya kufungua. Wanatembea juu ya njia, wanatazama kila nati kama mstari wa rangi waliouchora umekatika, wanaizungusha treni tupu mara kadhaa, wanasikiliza. Msimu ukiisha mabehewa hufumuliwa mpaka kipande cha mwisho, na vyuma vinavyobeba mzigo hupakwa dawa nyekundu inayojipenyeza kwenye ufa ambao jicho halioni. Je, umetenga mishahara ya watu hao? Unacho kitabu cha mtengenezaji, kile chenye orodha ya kila nati na nguvu ya kuikazia? Muuzaji akikwambia kitabu kimepotea, usimpe hata shilingi. Bila kitabu hicho ununuzi wako ni chuma chakavu kilichopakwa rangi.

Nitakuhadithia kitu. Miaka kadhaa nyuma, asubuhi ya sikukuu mosi, nilimpeleka mjukuu wangu kwenye kiwanja ambacho sitakitaja. Pana pembea ya viti vinavyoning'inia kwa minyororo. Nikainama kumfunga kamba ya kiatu, macho yangu yakaja sawasawa na pini inayoshika kiti chake. Mahali pa kotapini, ile pini ndogo inayoizuia kubwa isichomoke, pameingizwa msumari wa inchi tatu, umekunjwa. Kutu ilikuwa imeula hata shingo yake imebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti, na kichwa kinacheza. Kiti kile kilikuwa kimeshazunguka na watoto wa watu tangu saa mbili. Nikamwuliza kijana wa mashine. Akaniambia, "Mzee, huo upo tangu Idi iliyopita."

Nilimshusha mtoto, nikasimama mbele ya pembea nikakataa kuondoka. Watu wakanisonya, watoto wakalia, mwenye mashine akaja amekasirika. Tulikagua viti vyote pamoja. Misumari ilikuwa minne. Kotapini nne, kwenye duka lolote la vifaa, hazifiki bei ya tiketi za raundi moja.

Kwa hiyo ukitaka kuleta mashine, lete kwanza fundi mmoja ukamsomeshe huko inakotengenezwa, akirudi umlipe vizuri na umpe mamlaka ya kuifunga bila kukuuliza wewe. Ukikubali sharti hilo la mwisho, nitakusaidia bure.

Wewe mwenyewe umewahi kupanda, au unazungumza tu? (Kijana, Kikwajuni)

Nimepanda Formula Rossa, mwaka 2014, nilipokwenda kumtembelea mtoto wa dada yangu. Wanakupa miwani ya plastiki, kwa sababu kwa kasi ile chembe ya mchanga inaweza kukutoboa jicho. Kisha kimya kidogo, kisha mgongo wako unakuwa mmoja na kiti. Sikupiga kelele, pumzi haikuwepo ya kupigia. Machozi yalinitoka na kurudi nyuma kuelekea masikioni. Iliposimama nilibaki nimekaa, namshukuru Mwenyezi Mungu, na nikamtazama kijana wa zamu akivuta kila chuma cha kila kiti kwa mkono wake, kimoja kimoja, kisha akainua kidole gumba kwa mwenzake aliye upande wa pili, na huyo mwenzake naye akarudia kuvuta vile vile. Abiria wote walikuwa wakipiga picha. Mimi nilimpiga picha yule kijana, na ipo ukutani karakana.

Fundi, mimi ndiye ninayeendesha pembea kwenye kiwanja kimoja. Nati ya mhimili inalegea kila baada ya saa mbili, naikaza kwa spana. Mwenye mashine anasema niende hivyo hivyo mpaka sikukuu nne. Nifanyeje? (Jina nimelificha)

Zima. Leo, kabla hujamaliza kusoma.

Nati inayolegea kila saa mbili haihitaji kukazwa. Ama uzi wake umeliwa, ama tundu limepanuka, ama mhimili umepinda na ndio unaoitikisa, na kila ukikaza unazidi kuuvuta uzi uliobaki. Teremsha watu kwa utulivu, usitangaze hatari wakakimbia. Zima swichi kubwa, kisha ng'oa fyuzi utie mfukoni, kwa sababu swichi mtu mwengine atakuja kuiwasha. Piga picha nati ilivyo, na rula kando yake. Mwenye mashine akija, mpe simu azungumze na mimi. Akikufukuza, nitakutafutia kazi.

Kisha njoo karakana, Saateni, nipo mpaka alasiri. Nati uifungue, uifunge kwenye kitambaa, wala usiioshe. Nataka kuiona na uchafu wake.